Avril Dargue, Miaka Thelathini na Minne Mbele kwa Mbele

Bi Avril Dargue anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Machi 2025, baada ya kukitumikia Kituo cha Farasi cha Thrushgill kwa miaka thelathini na minne. Meneja ameniomba mimi, Wilf Tallentire, mzoa samadi na dereva wa trekta, niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu, kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki aliyekuwapo siku alipoajiriwa. Basi nianze bila kupepesa macho: siri ya Avril mimi niliijua tangu wiki ya kwanza, nikaifungia kifuani kama muungwana.

Uongo mtupu. Niliijua siku moja na wenzangu, nikiwa nimebanwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, ndoo ya maji katikati ya magoti. Kabla ya siku hiyo nilimshuku mambo mengine kabisa, kama ninyi nyote mnaosoma hapa mlivyomshuku, na msijifanye watakatifu leo kwa kuwa kuna keki.

Alikuja Aprili 1991 kutoka shamba la kondoo la baba yake, juu kule Murthwaite, akiwa na mbwa mmoja, koti la mvua la kaka yake, na leseni ya udereva. Hiyo leseni ndiyo iliyompa kazi. Marehemu mzee Hugill, mwenye kituo wakati huo, alikuwa amechoka kuvuta tela la farasi kila Jumamosi kwenda kwenye maonyesho; mgongo wake ulikuwa umekwisha. Alimuuliza swali moja tu: "Unavuta tela?" Avril akajibu, "Leseni inaniruhusu." Mzee Hugill akasikia ndiyo. Nami nilikuwapo, nimeegemea koleo, nikasikia ndiyo. Ukilitazama vizuri jibu lile leo, utaona kwamba halikuwa ndiyo.

Sasa ninyi mliozaliwa juzi nawaeleza sheria, maana bila sheria hamtaelewa kitu. Zamani hapa kwetu ukifaulu mtihani wa gari dogo ulipewa na tela juu yake, kama mchinjaji anavyokuongezea mfupa. Hakuna aliyekuuliza kama unalijua. Ikafika Januari mosi ya mwaka 1997, serikali ikaondoa mfupa. Aliyefaulu kuanzia siku hiyo alipata gari na kijitela cha kubebea majani ya bustani. Akitaka kuvuta tela la farasi wawili sharti akafanye mtihani wa pili, mtahini amesimama pembeni na ubao wake, arudishe tela kinyumenyume kati ya koni, alifungue, alifunge tena. Sisi wa zamani tukaachiwa vyetu. Nasema sisi, lakini mimi simo. Leseni yangu ni ya trekta tu, na kwa nini ni ya trekta tu ni jambo kati yangu na mtahini mmoja ambaye sasa ni marehemu.

Basi nchi nzima, kila yadi ya farasi ikawa na mama mmoja wa makamo mwenye leseni ya zamani, na huyo mama akawa malkia. Kwetu alikuwa Avril. Vijana wenye magari ya kung'aa walimjia na biskuti: "Bi Avril, Jumamosi una nafasi?" Naye alitazama juu kama anayesoma ratiba iliyoandikwa mawinguni.

Jodie Mounsey, mkuu wetu wa mabanda, alijaribu kumkwepa. Yeye alifaulu gari mwaka 2013, kwa hiyo mfupa hakupata. Akawaza: yule poni mdogo wa Shetland ana uzito gani? Si kama kochi? Akampakia kwenye tela kubwa, akaondoka akipiga mluzi. Polisi wakamsimamisha kabla hajafika mjini.

"Afande, mwangalie basi, ni mdogo kama mbwa!"

Yule polisi hakumtazama hata farasi. Alipiga magoti matopeni akasoma kibati kilichopigiliwa mbele ya tela. "Dada, sisi hatupimi ulichobeba. Tunasoma uzito ambao tela linaruhusiwa kubeba. Hata ukibeba kuku mmoja, kibati ni kilekile."

Gari lake na kibati kile kwa pamoja vilipita tani tatu na nusu, na kwa leseni yake huo ndio ulikuwa mpaka. Aliyekwenda kumrudisha yeye na kochi lake ni Avril. Jodie anasema njia nzima Avril hakumlaumu hata neno moja, ila alizunguka kijiji kizima cha Hallbeck, safari ya bure kabisa, na Jodie akadhani hiyo ndiyo adhabu.

Hapo ndipo penye mambo. Ile njia ya Hallbeck.

Kutoka hapa kwenda popote penye maana kuna njia fupi, kichochoro cha Scarrow, chembamba, ukuta wa mawe huku na ukuta wa mawe huku. Avril hakuipita na tela, kiangazi wala kipupwe. Yeye alizunguka Hallbeck, akaingia uwanja wa kanisa la Wamethodisti kwa geti la juu, akatokea geti la chini, ndipo akaendelea na safari. Na pale kanisani kuna mchungaji, Bwana Ellwood, hajaoa, ana masharubu mazuri na sauti ya kuimba. Lisemwalo lipo.

"Anakwenda kusali," nilisema mimi.

"Na farasi nyuma?" alisema Jodie. "Mzee Wilf, umewahi kuona ibada ya dakika mbili?"

"Inategemea unaomba nini."

Philippa Hugill, mpwa na mrithi wa marehemu, ndiye meneja wetu tangu 2016, mwanamke anayekitilia shaka hata kivuli chake kikichelewa kazini. Yeye hakushuku mapenzi. Alishuku mafuta ya gari. "Mtu hazunguki hivyo kwa ajili ya masharubu," alisema. Mimi nilikwenda mbali zaidi. Niliona anawauzia watu wa Hallbeck nyasi zetu kavu, nikawa nachungulia marobota ghalani kila Ijumaa. Hayakupungua. Hilo ndilo lililonitia shaka zaidi, maana mwizi stadi ndiye asiyeacha pengo.

Avril mwenyewe aliyasikia yote. Ukimtania kuhusu Ellwood alicheka chini kwa chini akajishughulisha na lijamu. Hakukana hata siku moja. Mwanamke wa watu anasingiziwa mchungaji, hakani! Tukasema basi, kesi imekwisha.

Mafanikio yake ni mengi na lazima niyataje, huu si umbea, ni wasifu. Mwaka 1993 alimshawishi mzee Hugill abomoe ukuta wa nyuma ili magari yaingie kwa geti moja na kutokea jingine. Usalama wa watoto, alisema. Mkaguzi alipokuja alitusifu mbele ya wazazi, na kibao cha pongezi kimetundikwa chooni hadi leo. Mwaka 1998 alisimamia kufukiwa kwa bwawa la bata nyuma ya ghala, kwa ajili ya mbu, alisema, na sisi huku kaskazini mbu tunawasikia redioni. Pale palipokuwa bwawa, gari na tela vinageuka vizuri sana. Kwenye maonyesho alikuwa wa kwanza kufika, na gari lake lilikaa karibu na njia ya kutokea, pua imeelekea nyumbani, mbali na vyoo, mbali na chai. Waamuzi wakasema, "Mwone yule, nidhamu." Na tela likitakiwa lisogee nyuma kidogo aliita watu: "Njooni, wanangu, tulisukume kwa mikono, injini inamtisha farasi." Miaka yote tukasukuma. Mimi mgongo wangu sina hamu nao. Farasi aliyelalamikia injini sijamsikia.

Desemba 2021 sheria ikageuka tena. Ule mtihani wa pili ukafutwa. Kila mwenye leseni ya gari, hata aliyefaulu baada ya 1997, akaruhusiwa kuvuta tela la hadi tani tatu na nusu, bila kuulizwa swali. Mfupa ukarudi kwa wote. Jodie alicheza ngoma juu ya samadi yangu. Malkia wa kila yadi wakaamka asubuhi wakiwa akina mama wa kawaida.

Philippa akatuita chumba cha matandiko. "Kuanzia sasa safari tutagawana. Avril, funguo za gari zitundikwe hapa kwenye msumari."

Avril akasema funguo ziko salama zilipo. Zilikuwa shingoni mwake, kwenye uzi.

"Sheria inamruhusu kila mtu sasa."

"Sheria imebadilika, sawa. Farasi hawajaisoma."

"Mama, umebakiza miaka michache. Nikipata dereva kijana, basi..."

"Malizia."

Hakumalizia, lakini wote tulisikia. Kazi ya Avril ilikuwa zile funguo. Ukimwondolea, anabaki mama wa goti bovu anayefagia mabanda, na kituo hiki hakina uwezo wa wafagiaji wawili wabovu. Mmoja tayari ni mimi. Miaka yake ya mwisho kabla ya pensheni ilikuwa imening'inia kwenye ule uzi. Philippa akampa mpaka Pasaka awe amezitundika. Baadaye akaniambia pembeni, "Mtu asiye na cha kuficha hang'ang'anii funguo hivyo. Nitapanda naye safari moja, nione kwa macho yangu."

Safari ilikuja yenyewe. Ilikuwa Februari, wiki ya dhoruba, Damson akashikwa na tumbo. Damson sihitaji kumweleza kwenu, nusu ya bonde hili walijifunza kukaa kitako mgongoni kwake: poni mwekundu, mzee, mwizi wa karoti. Asubuhi ile alikuwa akijitupa chini, akigaagaa, akiutazama ubavu wake kama kuna mtu ndani anabisha hodi. Daktari wa mifugo akamsikiliza, akatikisa kichwa. Utumbo umejisokota. Hospitali ya farasi, sasa hivi. "Mkichelewa," alisema, "mchukue na turubai la kumfunikia."

Avril alikuwa ameshafunga tela kabla daktari hajafunga mkoba wake. Philippa akaingia kiti cha mbele bila kukaribishwa, na viatu vyake vya ofisini. Mimi nikajipakia nyuma na ndoo yangu, kwa kuwa Damson akisikia sauti yangu hutulia, na kwa kuwa nilitaka kumwona Ellwood.

Tukatoka, Avril akajiandaa kukata kona ya Hallbeck kama kawaida. Mtu wa barabara mwenye koti la njano akatusimamisha. Daraja la Hallbeck liko chini ya maji. "Pitieni Scarrow."

Nilimwona Avril kwenye kioo. Rangi ilimtoka usoni kama chai iliyozidishwa maziwa.

"Tungoje maji yapungue kidogo," alisema.

"Tungoje?" Philippa alimgeukia mwili mzima. "Farasi anakufa hapo nyuma, wewe unataka tungoje mto? Kuna nini Scarrow, Avril? Nani unamwogopa huko?"

Avril akakata usukani. Akaingia Scarrow.

Tulikwenda taratibu, barafu pembeni, kuta mbili zinatusogelea kama mashangazi wawili wenye habari. Nyuma, Damson alipiga mateke mbao za tela, kisha akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikotutisha. Tulipita pale pa kupishania, mahali ukuta unapoingia ndani kidogo. Avril alipatazama kwa huzuni kama anayeagana na ndugu kituoni. Halafu kona, na mbele yetu, likishuka mlima, lori la maziwa.

Lilikuwa limejaa. Liliteleza kidogo, likasimama pua kwa pua nasi. Dereva alikuwa mwanamke mpana mwenye kofia ya sufu, jina lake tulikuja kulijua baadaye, Bev Coulthard. Akashusha kioo.

"Rudini! Pa kupishania pako hapo nyuma yenu! Mimi siwezi kulirudisha zigo hili mlimani kwenye barafu!"

Avril akazima injini.

Philippa akageuka kutazama nyuma. Kisha akasema, "Avril. Piga rivasi."

"Siwezi."

"Huwezi kwa nini?"

"Kwa sababu sijui." Alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele, maana mbele ndiko alikokujua. "Kurudi nyuma na tela. Sijui. Sikuwahi kujua. Ule mwaka wa kwanza nilijaribu mara moja, nyuma ya ghala, wote mmelala. Nikaliingiza bwawani. Nikasema basi."

Mimi nikauona ule ukuta uliobomolewa, bwawa lililofukiwa, gari lililoegeshwa mbali na chai, vyote vinasimama foleni mbele ya macho yangu, kimoja baada ya kingine, vinanicheka.

"Na Ellwood?" nikauliza. Sikuweza kujizuia.

"Kona ya pale kanisani tela halikati bila rivasi," alisema Avril. "Ellwood ana mageti mawili."

"Lakini ulituacha tuseme!" Philippa alikuwa karibu kulia kwa hasira. "Miaka yote hiyo ulituacha tuseme!"

"Heri mseme nina bwana kuliko mseme sijui kazi."

Sasa tazameni tulivyokaa ndani ya gari lile. Avril, sheria inamruhusu tangu alipofaulu akiwa msichana, na hajui. Philippa, sheria imemruhusu majuzi tu, na hajawahi kuvuta hata mkokoteni. Mimi, nimerudisha matela ya nyasi kinyumenyume maisha yangu yote, mkono mmoja una mkate, na sheria hainiruhusu kulishika gari lile barabarani. Anayeruhusiwa hajui, anayejua haruhusiwi. Kumshusha Damson kwenye barafu kwa tumbo lile, angelala palepale asiinuke. Kulisukuma tela mlimani na farasi ndani, hilo hata Avril hakulitaja.

"Toka nikae mimi," nilisema.

"Mzee, huna leseni," alisema Philippa. "Kitu kikiharibika bima inatukataa, na kituo kinafungwa."

"Nani atajua?"

"Mimi nitajua!" Bev alipiga kelele kutoka juu. "Huku naona kila kitu! Kwani mnafanya mkutano wa kijiji humo ndani?"

Nilimngoja Philippa aseme yale ya Pasaka. Ilikuwa nafasi yake, dereva wa tela asiyejua tela amekaa mbele yake na amekiri kwa mdomo wake. Badala yake alivua viatu vyake vya ofisini, akanyoosha mkono nyuma, akanivua mabuti yangu mimi bila hata samahani, akavaa, akashuka. Nikashuka na soksi.

"Mimi nitasimama ukuta huu," alisema Philippa, "Wilf ukuta ule. Avril, washa gari. Wewe ndiye unayelijua tela hili kuliko sisi. Hata kama ni nusu yake tu."

Sasa hapa ningependa kuandika kwamba niliokoa jahazi. Mikono yangu inajua, lakini mdomo wangu ulikuwa haujawahi kuulizwa.

"Kulia!" nilipiga kelele.

"Kulia kwako au kwangu?"

"Kulia kwa farasi!"

Tela likakunjika kama kisu cha mfukoni, likaubusu ukuta. Taa moja ya nyuma ikabaki pale kama sadaka. Avril alitukana kwa Kimethodisti, yaani kwa maneno makali yasiyomtaja mtu. Damson akapiga teke moja hafifu.

Bev akashuka kwenye lori lake, anateleza, anajishika ukutani. "Nani alikufundisha kumwelekeza mtu, mzee? Adui yako?" Akaenda dirishani kwa Avril, akainama. "Nisikilize mama. Mimi mwenyewe mtihani wa lori niliufeli mara mbili kwa rivasi, mara ya pili niligonga mwavuli wa mtahini. Acha kuushika usukani juu. Ushike chini. Chini kabisa, mkono mmoja. Sasa mkono unakokwenda, na mkia wa tela unakwenda hukohuko. Usifikiri. Polepole, kama unamfuta mtoto kamasi."

Mkono ukaenda kushoto. Mkia ukaenda kushoto. Avril akapiga ukelele kama aliyeumwa na nyuki.

"Likianza kupinda, nenda mbele unyooshe, uanze tena. Kwenda mbele si dhambi!"

"Hiyo ndiyo naijua!"

Akarudi, akapinda, akaenda mbele, akanyoosha, akarudi tena. Philippa alikuwa anarudi naye kinyumenyume kwenye barafu, mabuti yangu yakimpwaya, mikono yote miwili hewani. "Njoo, mama. Njoo, njoo, njoo. Hapo hapo. Njoo, mama yangu." Mwaka wa sita yuko kwetu, sikuwahi kumsikia akisema na mtu kwa sauti ile, hata na farasi. Na Avril, jasho linamtiririka Februari, alikuwa amekitumbulia macho kioo cha pembeni kama ndiyo mara ya kwanza anaona kwamba nyuma yake kuna dunia.

Tela likaingia pale pa kupishania. Limekaa upande, gurudumu moja kwenye mtaro, lakini limeingia. Bev akapanda lori lake, akatupita ukucha kwa ukucha, akapiga honi ndefu ambayo nadhani Ellwood aliisikia.

Tuliwahi hospitali. Walimpasua Damson, wakaufungua ule msokoto, na leo hii mnamwona hapo nje ameweka kichwa ndani ya begi la mtu.

Njiani kurudi, tela tupu, Philippa akanirudishia mabuti yangu. Halafu akasema, anatazama dirishani, "Funguo zikae zilipo. Ila ujifunze." Avril akauliza nani wa kumfundisha. Wote wawili wakanitazama kwenye kioo. Shambani si barabarani. Mle leseni yangu ya trekta ni mfalme.

Akajifunza. Alikuja kila Jumapili, tukapanga ndoo za chakula cha farasi badala ya koni. Kufika kiangazi alikuwa anaingiza tela ghalani bila kugusa mlango, na tangu hapo hakuna pa kumzuia. Kwenye maonyesho anaingia kati ya malori mawili kinyumenyume, karibu kabisa na chai, halafu anashuka polepole ili watu waone. Duka la mjini lenye uwanja mtupu, yeye anaingia kwa rivasi.

Lakini alilolifanya baadaye ndilo nataka liandikwe kwa wino mzito. Sheria ilikuwa imeufuta mtihani, Avril akaurudisha. Akamwambia Philippa: leseni imeniruhusu miaka yote bila kuniuliza kama najua, na mmeona matokeo, kwa hiyo hapa Thrushgill hakuna atakayepewa funguo mpaka alirudishe tela kati ya ndoo zangu, alifungue, alifunge, na aniambie kibati kinasema nini. Jodie alifaulu mara ya tatu. Philippa, meneja, mwenye kituo, alifeli mara mbili, na Avril alimwandikia "Arudie" bila kupepesa. Leo madereva wetu wanne wanavuta tela, na wote wanarudi nyuma. Zile funguo jana amezitundika mwenyewe kwenye msumari.

Ningeishia hapo, ila kuna jambo moja bado linanitia shaka. Rivasi anaijua. Scarrow anaipita anavyotaka. Sasa Jumanne iliyopita nililiona gari lake Hallbeck, bila tela, limeegeshwa uwanjani kwa mchungaji, na mageti yote mawili yamefungwa. Mimi sisemi kitu. Nimeandika tu.

Bi Avril, kwa niaba ya wafanyakazi, wazazi, na farasi wasioisoma sheria, asante. Ulitutumikia ukiwa huwezi, na ulipoweza ukatufundisha. Tunakuombea siku ndefu zenye jua kidogo, goti linalokubali ngazi, na barabara pana pande zote mbili.

Na kabla hujaenda, kuna lile suala letu dogo. Katika yale masomo ya Jumapili, ya tatu au ya nne, uliiangusha nguzo ya geti la nyumba yangu, ukasema, "Nitakuja kuisimamisha, Wilf, nikipata nafasi." Kondoo wa jirani wamekula kabichi zangu kiangazi mara tatu nikingoja hiyo nafasi. Kuanzia Jumatatu utakuwa nayo. Saruji ninayo, koleo ninalo, mgongo sina. Njoo asubuhi, kinyumenyume ukipenda. Huna haja ya kupiga hodi, geti liko wazi. Halina pa kufungiwa.